Faza shimoni, watoto Wembley!

Kaa chini upoe, maana leo nakusafirisha mbali na nauli yako ni bei ya gazeti hili tu.

Kijiweni kwetu kuna washkaji ambao Manchester United ikifungwa, chakula hakipiti kooni. Ukiwatajia Bobby Charlton wanakumwagia wasifu wote bila kupumua: mabao 249 Manchester, mabao 49 timu ya taifa, Kombe la Dunia 1966, halafu ajali ile ya ndege ya Munich, Februari 6, 1958, iliyoua watu 23 yeye akatoka salama. Haya. Sasa waulize jamaa alitokea wapi. Kimyaaa! Mmoja atajitia kimbelembele, "Si hapo hapo Manchester?" Thubutu! Manchester alikwenda kutafuta maisha, kama wewe ulivyodandia basi kuja mjini.

Kwao ni Ashington. Kamji kadogo kaskazini mashariki ya Uingereza, kilomita kama 25 kutoka Newcastle, jirani kabisa na bahari ya kaskazini ambayo upepo wake unakata masikio. Watu hata elfu thelathini hawafiki. Ila enzi zake walikuwa wanajisifu kwamba hicho ndicho kijiji kikubwa kuliko vyote duniani cha makaa ya mawe, na hakuna aliyewabishia.

Sasa sikia hii. Julai 26, 1966, nusu fainali ya Kombe la Dunia, uwanja wa Wembley, Uingereza na Ureno. Ureno wana Eusebio, mtoto wa jirani zetu Msumbiji, moto wa kuotea mbali. Uingereza wana ndugu wawili wa tumbo moja: Bobby kiungo, na kaka yake Jack, beki mrefu kama mlingoti. Bobby anatupia mawili. Jack anashika mpira kwa mkono ndani ya boksi, penalti, Eusebio anafunga. Mbili moja, Uingereza hao fainali. Mama yao yumo kwenye raha. Baba yao je? Mzee Bob Charlton hakuiona hiyo mechi. Alikuwa zamu. Yuko chini ya ardhi, anachimba makaa.

Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilidhani ni fiksi. Wewe mwanao mmoja tu akicheza nusu fainali ya kombe la mbuzi unaomba ruhusa siku tatu, unatoa na kisingizio cha msiba. Huyu watoto wawili, Kombe la Dunia, nchini kwake, na yeye kashika taa kateremka shimoni. Nikasema hapana, lazima niujue huo mji unaomlea mtu wa namna hiyo.

Basi bwana, Ashington haukuwa mji uliopata mgodi. Ulikuwa mgodi uliopata mji. Kwenye miaka ya 1860 walipoanza kuchimba palikuwa na mashamba tu. Kampuni ya makaa ikachimba mashimo, ikahitaji watu, ikajenga nyumba. Na ilijenga bila kuumiza kichwa: mistari mirefu ya nyumba za matofali zilizogandana, mgongo kwa mgongo, choo nje. Majina je? Mstari wa Kwanza, Mstari wa Pili, wa Tatu, hivyo hivyo hadi wa Kumi na Moja. Nyumba ya bosi, kazi ya bosi, makaa ya kuwashia moto nyumbani ya bosi, unamwagiwa lundo mlangoni kama sehemu ya malipo yako. Utanuna na nani?

Saa ya mji nayo ilikuwa ya mgodi. Kazi zamu tatu, usiku na mchana. Katika vijiji vingi vya makaa vya upande ule, ukutani pembeni ya mlango kulikuwa na kibao cheusi, mchimbaji anaandika kwa chaki saa anayotaka kuamshwa, halafu kuna jamaa kazi yake ni kupita usiku kugonga. Saa nane za usiku, ngo ngo ngo, inuka baba! Ukifika mgodini unachukua taa yako na kipande cha shaba chenye namba yako. Ukitoka unakirudisha. Zamu ikiisha na kipande chako hakipo, wanajua wewe bado uko chini. Hako kashaba kalikuwa kanaweza kuwa habari yako ya mwisho.

Jumapili ya Agosti 13, 1916, katika mgodi wa Woodhorn, pua na mdomo na Ashington, gesi ililipuka chini kwa chini. Wanaume 13 hawakurudi. Kwa kipimo cha migodi ya makaa ya mawe hiyo ilihesabika ajali ya kawaida, kwingine walikufa mamia kwa siku moja. Lakini hebu fikiria mtaa wenu, ule ule unaoujua kila mlango, vifo 13 asubuhi moja. Na Jumatatu filimbi ya mgodi inalia tena, watu wanakwenda.

Haya, wanaume tumewapa sifa zao. Na kina mama? Hapa ndipo ningependa dada zangu wasogee karibu. Chukua nyumba yenye baba na vijana wawili wakubwa, kila mmoja zamu yake. Maana yake kuna mtu anatoka kazini wakati mwingine anaingia na wa tatu amelala. Chakula kinapikwa mara tatu, maji ya moto yanachemshwa mara tatu, maana kabla migodi haijajengewa mabafu mchimbaji alirudi nyumbani mweusi tii, macho tu yanang'aa, akaoge kwenye karai la bati mbele ya moto, sebuleni. Mke ndiye anayejaza karai, mke ndiye anayelimwaga, mke ndiye anayekung'uta zile nguo ukutani mpaka vumbi liishe. Mwisho kabisa anamsugua mume mgongo. Tena wengine mgongo walikataa usioshwe, waliamini maji yanaulegeza, mtu atashindwa kuchimba! Shuka za huyo mama sijui zilikuwaje.

Na baada ya hayo yote, baba akishang'ara anakwenda zake klabu. Ashington ilijaa klabu za wafanyakazi, bia za bei poa, muziki, meza za kucheza domino. Kina mama walikaribishwa kama wageni wa waume zao. Unajua umoja wa klabu hizo wa Uingereza nzima ulikubali lini wanawake wawe wanachama wenye haki sawa? Mwaka 2007! Siyo 1907, usidhani mchapaji amekosea.

Sasa twende kwenye kilichonifanya niandike. Mtu aliyelala kwa ubavu saa nane kwenye mwamba usiofika mita moja, gizani, akila mkate wake kutoka kwenye kopo la bati ili panya wasimwahi, akitoka juu anataka nini? Wewe utasema kulala. Jamaa walikuwa wanataka anga.

Nenda nyuma ya ile mistari ya nyumba ukute vibustani, na ndani ya vibustani vibanda vya njiwa. Siyo njiwa wa mapambo, njiwa wa mbio. Wanapakiwa kwenye vikapu, wanasafirishwa hadi mbali, wengine hadi Ufaransa, wanaachiwa wote kwa pamoja. Mguuni kila mmoja kavaa kipete cha mpira chenye namba. Mwenye njiwa huku nyumbani kakodolea mawingu kutwa nzima, shingo inauma. Njiwa akitua siyo mwisho, lazima aingie kibandani, umvue kile kipete, ukitumbukize kwenye saa maalumu inayopiga muhuri wa muda. Sasa kuna njiwa akifika anakaa juu ya paa anajisafisha manyoya, anakutazama! Mchezo huo umevunja urafiki wa watu wengi.

Na kama siyo njiwa, liki. Liki ni jamaa wa kitunguu, mrefu, mweupe chini, majani mapana juu. Usicheke. Kule kaskazini mashariki liki ni ligi kuu. Wachimbaji walishindana nani ana liki nene kuliko mwenzake, kila klabu na onyesho lake, na zawadi zilikuwa vitu vya ndani vya nguvu, samani na vyombo, kiasi kwamba mke aliyekuwa ananung'unikia bustani alianza kuuliza mwenyewe, "Mboga zinaendeleaje baba?" Mbolea ya kila mtu ilikuwa siri yake hadi kaburini. Na kwa kuwa binadamu ni binadamu, msimu ukikaribia palizuka wahuni wa kuingia usiku na kisu kukatakata liki za mpinzani. Ndiyo maana ungemkuta mzee mzima kalala bustanini na koti, analinda kitunguu. Nawaambia mimi sijaona mapenzi ya namna hiyo hata kwenye filamu za Kihindi.

Halafu kuna hawa wa kupaka rangi. Mwaka 1934 wachimbaji wa Ashington waliokuwa wakisoma madarasa ya jioni, yale ya chama cha elimu ya wafanyakazi, waliamua wanataka kuelewa michoro. Wakaletewa mwalimu kutoka Newcastle, Robert Lyon. Mwalimu akaja na picha za mabwana wakubwa wa Italia wa miaka mia nne huko nyuma, malaika, watakatifu, wafalme. Jamaa wakatazama. Wakatazamana. Havikupanda. Lyon naye hakuwa mjinga, badala ya kuwasimanga akawaambia basi chukueni rangi mchore wenyewe ndipo mtaelewa.

Walichora nini? Walichojua! Mtu kalala ubavu anachimba. Foleni ya kuoga. Mbwa wa mbio. Jimmy Floyd akachora vibanda vya njiwa, picha ambayo watu wanakwenda kuitazama hadi leo. Oliver Kilbourn akachora maisha ya mchimbaji hatua kwa hatua. Rangi zenyewe mara nyingi zile za kupakia kuta za nyumba, turubai ni kipande cha ubao. Kufika 1936 wanafanya maonyesho Newcastle. Baadaye mabwana wa London wakaanza kupanda treni kuwafuata, na mwaka 1980 picha zao zikaonyeshwa hadi China.

Na unajua walifanya nini baada ya ujiko wote huo? Walirudi zamu. Sheria yao ilikuwa kukutana kila wiki, kila mmoja anaweka mchoro wake mbele, wenzake wanauchambua bila huruma. Waliendelea hivyo miaka 50 hivi, mpaka 1984. Lee Hall, yule aliyeandika filamu ya Billy Elliot, akawatungia mchezo wa kuigiza mwaka 2007, ukafika mpaka New York. Lakini wenyewe wengi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee Bob. Katika mji ambao bosi ana nyumba yako, kazi yako na moto wa jikoni kwako, zile saa chache baada ya zamu ndizo zako. Njiwa wako, kitunguu chako, rangi zako. Na mpira wako.

Mpira Ashington ulikuwa ugonjwa. Timu ya mji, ambayo jina lake la utani ni Wachimbaji, ilicheza ligi kuu za kulipwa kuanzia 1921 hadi 1929, daraja la tatu la kaskazini. Mama yake Bobby, Bi Cissie, alitoka kwenye ukoo wa Milburn, kaka zake wanne wote walicheza mpira wa kulipwa. Binamu yake ndiye Jackie Milburn, mfalme wa Newcastle United, mabao 200, makombe matatu ya FA: 1951, 1952 na 1955. Wakati wa vita Jackie alifanya kazi mgodini na Jumamosi anavaa jezi. (Mashabiki wa Newcastle wanaokumbuka wanajua: baada ya lile kombe la 1955 nyumbani hawakunusa kikombe kikubwa tena hadi Machi 2025.) Basi Cissie ndiye aliyekuwa anapiga mpira na wanawe mtaani, Beatrice Street. Mzee Bob yeye mpira haukumkamata sana, alipenda ngumi. Watoto wa kiume wanne, kitanda kimoja.

Jack alipofika miaka 15 akaenda mgodini kama wote. Akafundishwa, akateremshwa, akaona. Akapanda juu akaacha kazi. Msomaji wangu, katika mji ule kuacha mgodi ukiwa na miaka 15 ni sawa na kumwambia baba yako kazi aliyokulisha nayo huitaki. Akaomba upolisi. Siku ya usaili wa polisi ikagongana na siku ya majaribio ya Leeds United. Akaenda Leeds. Akaichezea mechi 773, rekodi ya klabu. Sasa unaona? Ile Julai 30, 1966, Ujerumani Magharibi wanakula nne kwa mbili, ndugu wawili wamekumbatiana uwanjani wanalia, mmoja wao alikuwa nusu awe polisi wa doria. Waliporudi kwao mji mzima ulimwagika barabarani.

Kwa hiyo mzee kwenda zamu siku ya nusu fainali, wengine husema ni roho ngumu. Mimi nasema kazi ile ndiyo iliyolipia viatu.

Ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo, kwenye makombe. Machi 1984 serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa na mpango wa kufunga migodi 20, kazi 20,000 ziende. Wachimbaji chini ya Arthur Scargill wakagoma. Mwaka mzima bila mshahara! Kina mama, wale wale wa karai, wakatoka sebuleni wakafungua majiko ya kupikia watu wote, wakapanda majukwaani kuhutubia, na wengi hawakurudi tena kukaa kimya. Machi 1985 mgomo ukaisha, wachimbaji wameshindwa. Kuna ndugu waliorudi kazini mapema na ndugu zao hawakusema nao tena.

Woodhorn ilishafungwa 1981. Mgodi wa Ashington wenyewe ukafungwa 1988, mwaka huo huo aliofariki Jackie Milburn, Newcastle ikasimama kumzika. Ukabaki Ellington, unaochimba mpaka chini ya bahari. Farasi wadogo wa mwisho wa kuvuta mizigo shimoni katika jimbo lile walistaafishwa hapo mwaka 1994, na siwezi kukuficha, waliagwa vizuri kuliko watu wengi. Januari 2005 Ellington nayo ikafungwa. Kiwanda cha aluminiamu cha Lynemouth kilichokuwa kinaajiri vijana wa pale kikafuata 2012.

Mji wa bosi mmoja bosi akiondoka ni kama nyumba iliyochomolewa nguzo. Maduka yanafunga, vijana wanakaa kwenye kona, dawa za kulevya zinajua njia. Hayo yote yaliwapata. Lakini Woodhorn sasa ni makumbusho, na ndani yake ndimo zilimo picha za wale jamaa wa 1934. Njiwa wapo. Liki zipo, klabu moja ya Ashington ikajipatia jina kwa kuandaa onyesho la liki la dunia. Jack alifariki Julai 2020, Bobby Oktoba 2023.

Treni ya abiria waliondolewa 1964, Bobby bado kijana wa miaka 27. Desemba 15, 2024, baada ya miaka 60, ikarudi. Ukipanda Ashington unateremka Newcastle kabla hujamaliza kusoma gazeti, na siku ya kwanza wazee walipanga foleni kwenye baridi kwa ajili ya kwenda na kurudi tu, hawana wanachokifuata.

Tukutane wiki ijayo, na wewe mshkaji wa Manchester pale kijiweni usijifanye ulikuwa unajua.